Njaa Pekee Haiondoi Dhuluma



Yako maneno mawili ambayo tumeyasikia mara nyingi katika mikutano yetu, na tumeona wakati umewadia wa kuyajibu hadharani. Neno la kwanza hutoka kwa wanaharakati wenzetu, watu jasiri ambao hatuna shaka na uaminifu wao. Wao husema kwamba fikra hazijazi tumbo. Kwamba mwanafalsafa ni mtu wa kukaa kitako na kuandika, ilhali kinachomwondoa mtawala mbaya ni njaa na bei ya unga. Neno la pili hutoka katika viti vya kanisani. Husemwa kwamba hoja za haki, uhuru na katiba ni mawazo ya kigeni, tena yalitungwa na watu walioidharau dini, kwa hiyo muumini mwema hana sababu ya kuyagusa.

Sisi tunashikilia kwamba maneno yote mawili si kweli, na kwamba anayefaidika nayo ni mtu mmoja tu: yule anayetawala bila kuulizwa. Tutayapima kwa mfano unaojulikana duniani kote lakini aghalabu husimuliwa vibaya, nao ni Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789.

NJAA MBILI, MFALME MMOJA

Katika miezi ya Aprili na Mei mwaka 1775, kufuatia mavuno haba ya mwaka uliotangulia na uamuzi wa serikali wa kuiachilia biashara ya nafaka bila udhibiti, bei ya mkate ilipanda mno katika jiji la Paris na mikoa inayolizunguka. Watu waliingia masokoni, wakavamia maghala na mashua za nafaka, wakalazimisha unga uuzwe kwa bei waliyoiona kuwa ya haki. Ghasia zaidi ya 300 zilitokea katika muda wa majuma machache. Mfalme Louis wa 16 alikuwa ndiyo kwanza anatimiza mwaka mmoja katika kiti cha enzi. Aliwatuma askari, watu wakakamatwa kwa mamia, wawili wakanyongwa mbele ya umma mjini Paris, na mambo yakatulia. Utawala haukutikisika. Wenye njaa walitaka mkate wa bei nafuu, nao walimtazama mfalme kama baba aliyesahau wajibu wake kwa wanawe. Hawakuuliza ni nani aliyempa ubaba huo.

Miaka 14 baadaye njaa ilirudi. Mvua kubwa ya mawe ya tarehe 13 Julai 1788 iliharibu mazao mashambani, ukafuata msimu wa baridi kali usio na kifani, na kufikia miezi ya mwanzo ya 1789 kibarua wa Paris alikuwa akitumia zaidi ya nusu ya ujira wake kununua mkate tu. Mfalme alikuwa ni yule yule, kasri lilikuwa lile lile, na askari walikuwepo vile vile. Lakini safari hii, kabla mwaka haujaisha, utawala wa kiimla ulikuwa umevunjika, makabaila walikuwa wamepoteza haki zao za tangu jadi, na taifa lilikuwa limejiandikia azimio la haki zake. Basi na atuambie anayesema kwamba njaa ndiyo inayopindua dola: mbona njaa ya 1775 iliishia kwenye kitanzi, na ile ya 1789 ikaishia kwenye azimio?

Hatutaki kumdanganya msomaji. Upo ufa mwingine uliokuwepo 1789: hazina ya mfalme ilikuwa imekauka kwa madeni, yakiwemo ya vita alivyovipigana upande wa Marekani dhidi ya Uingereza. Kwa kukosa fedha alilazimika kuliita Baraza la Matabaka, ambalo halikuwa limekutana tangu mwaka 1614. Hayo ni kweli. Lakini hazina tupu hufungua mlango tu. Haimwambii anayeingia aseme nini. Wafalme wengi wamewahi kufilisika, wakaomba kodi mpya, wakapewa, nao wakaendelea kutawala. Jambo jipya lililokuwepo 1789 ni kwamba mwenye njaa na mlipa kodi aliingia mlangoni akiwa na swali: Unatutawala kwa haki gani?

SWALI HILO LILITOKA WAPI?

Halikushuka kama umande. Lilipikwa kwa muda wa miaka 40 na watu walioandika huku wakijua watalipia.

Montesquieu, mtu aliyekuwa na cheo cha hakimu mjini Bordeaux, alichapisha mwaka 1748 kitabu chake juu ya roho ya sheria bila kuweka jina lake. Fundisho lake kuu mkulima yeyote anaweza kulielewa: mwenye mamlaka hushawishika kuyatumia vibaya, kwa hiyo mamlaka hayana budi kuzuiwa na mamlaka mengine. Anayetunga sheria asiwe ndiye anayehukumu, na anayehukumu asiwe ndiye anayeamrisha askari.

Rousseau, mwana wa fundi wa saa wa Geneva, alichapisha mwaka 1762 kitabu chake cha mkataba wa kijamii. Alishikilia kwamba nguvu haizai haki; kwamba utawala halali hutokana na maafikiano ya watu wenyewe; na kwamba mamlaka ya umma ni mali ya umma, hayauziki wala hayarithiwi. Mwaka huo huo kitabu hicho kilichomwa moto mjini Geneva, na mahakama ya Paris ikatoa amri ya kumkamata mwandishi kwa sababu ya kitabu chake kingine juu ya malezi. Akatoroka.

Diderot alifungwa mwaka 1749 kwa maandishi yake. Alipotoka aliongoza utungaji wa ensaiklopidia kubwa iliyofikia majuzuu 28, na serikali ilipoifutia kibali mwaka 1759, kazi ikaendelea kwa siri.

Voltaire naye alikuwa amelionja gereza la Bastille akiwa kijana. Kwake yeye tunataka kukaa kidogo, kwani ndiye anayewakera zaidi wasomaji wetu wa kanisani. Mnamo Machi 1762 mahakama ya Toulouse ilimuua kwa mateso mfanyabiashara mmoja Mprotestanti, Jean Calas, kwa tuhuma kwamba alimuua mwanawe ili kumzuia asiingie Ukatoliki. Ushahidi ulikuwa uvumi wa mtaani na chuki ya madhehebu. Voltaire aliishika kesi ya maiti yule kwa miaka mitatu: aliandika barua kwa wakubwa, akakusanya ushahidi, akachapisha kitabu juu ya uvumilivu wa kidini mwaka 1763, mpaka hukumu ikabatilishwa rasmi mwaka 1765 na jina la Calas likasafishwa.

Msomaji wa Biblia ataikumbuka habari ya Nabothi, aliyeuawa kwa mashahidi wa uongo na mahakama iliyonunuliwa ili mfalme apate shamba la mizabibu. Eliya hakukaa kimya. Katika kesi ya Calas, waliopaswa kuwa Eliya wengi wao walinyamaza, na sauti ikatoka kwa mtu aliyelishambulia kanisa kwa ulimi mkali. Je, tuikatae haki kwa sababu hatukumpenda aliyeitetea? Mungu aliyemwonya Balaamu kwa kinywa cha punda hashindwi kutukumbusha wajibu wetu kwa kinywa cha mwanafalsafa. Neno hupimwa kwa ukweli wake, wala halipimwi kwa cheti cha ubatizo cha anayelisema.

Na tuangalie jambo jingine. Montesquieu alikufa 1755, Voltaire na Rousseau wote wawili 1778, na Diderot 1784. Hakuna hata mmoja wao aliyeyaona mapinduzi. Basi nani aliyaleta?

WALIOLIBEBA SWALI

Wakulima wengi wa Ufaransa hawakujua kusoma, na vitabu hivyo vilikuwa ghali. Anayedhani kwamba kijiji kizima kilikaa chini ya mti kikimsoma Rousseau anajidanganya. Fikra ilifika kijijini kwa kubebwa, na waliobeba walikuwa mawakili wa miji midogo, wachapishaji wa vijikaratasi, na, ndugu zetu wa kanisani mtusikilize vizuri, mapadri wa parokia.

Mapema mwaka 1789 mfalme aliagiza kila parokia ichague wajumbe na kuandika daftari la malalamiko yake. Agizo lilisomwa kutoka mimbarini. Wanaume walipa kodi waliotimiza miaka 25 walikutana, mara nyingi ndani ya kanisa lenyewe, wakasema yaliyowaumiza, na mwenye kujua kuandika akaandika. Makumi ya maelfu ya madaftari yalitokea. Majina ya wanafalsafa ni adimu sana humo. Yaliyojaa ni ushuru wa chumvi, zaka, ada za kinu cha bwana, haki ya makabaila ya kuwinda juu ya mazao ya watu, na njiwa wa kabaila waliokula mbegu shambani huku mkulima akikatazwa kuwagusa.

Njiwa! Mtu wa kejeli atacheka. Sisi hatucheki, kwani hapo ndipo falsafa ilipopata miguu. Mkulima alikuwa amewachukia njiwa wale kwa karne nyingi. Sasa, baada ya kuambiwa kwamba hakuna mtu aliyezaliwa na haki ya kuishi kwa jasho la mwenzake, njiwa waliacha kuwa balaa kama nzige, wakawa dhuluma yenye mwenyewe. Balaa huombewa. Dhuluma huondolewa.

Mwezi Januari wa mwaka huo padri mmoja, Sieyès, alitoa kijitabu kilichouliza tabaka la tatu ni nini, yaani watu wote wasio makabaila wala makasisi. Akajibu kwamba tabaka hilo ndilo taifa lenyewe. Hapo nadharia ya Rousseau ilikuwa imekuwa hoja ya kikao. Baraza lilipokutana Versailles tarehe 5 Mei, wakubwa walitaka kila tabaka lipige kura kwa upande wake, ili matabaka mawili ya juu yalishinde moja la wengi daima. Tabaka la tatu likakataa.

Na ni nani waliovuka kwanza kulifuata? Tarehe 13 Juni mapadri watatu wa parokia kutoka Poitou waliacha viti vya tabaka lao wakaketi na wawakilishi wa umma. Kati ya wajumbe takriban 300 wa makasisi, zaidi ya 200 walikuwa mapadri wa parokia, watu walioishi na maskini na kuzika watoto wao. Tarehe 17 Juni tabaka la tatu lilijitangaza kuwa Bunge la Taifa, na siku mbili baadaye wengi wa makasisi, kwa kura chache, wakaamua kujiunga nalo. Bastille ilianguka Julai 14. Usiku wa Agosti 4 haki za kikabaila zilifutwa, pamoja na zile za njiwa na uwindaji. Agosti 26 Bunge likapitisha Azimio la Haki za Binadamu na Raia, lenye vifungu 17. Humo imo hoja kwamba asili ya mamlaka yote ni taifa. Humo pia imo hoja kwamba nchi isiyotenganisha mamlaka haina katiba. Vitabu vilivyochomwa na kupigwa marufuku vilikuwa vimegeuka sheria.

FIKRA ISIYOLINDWA HUIBIWA

Tungekuwa wanafiki kama tungekomea hapa. Mapinduzi hayo yalimwaga damu nyingi isiyo na hatia, na mwenye kulipenda kanisa anajua kwamba mapadri wengi walichinjwa magerezani Paris mnamo Septemba 1792. Robespierre, mfuasi mkubwa wa Rousseau, alijifanya mfasiri pekee wa nia ya umma. Sheria ya tarehe 10 Juni 1794 iliwanyima washtakiwa mawakili, na ikaiachia mahakama hukumu mbili tu: kuachiliwa au kufa. Montesquieu aliyeonya juu ya mamlaka yasiyozuiwa alikuwa amesahauliwa. Majuma saba baadaye Robespierre mwenyewe alikatwa kichwa. Na Sieyès, yule yule aliyesema kwamba watu wa kawaida ndio taifa, ndiye aliyeshirikiana na Jenerali Napoleon katika njama ya Novemba 1799 iliyoizika jamhuri. Aliyetunga wimbo si lazima awe mlinzi wake.

Hata Azimio lenyewe wenye nguvu walitaka kulifungia kabatini. Wasiolipa kodi ya kiwango fulani walinyimwa kura. Wanawake, ambao mnamo Oktoba 1789 walitembea hadi Versailles na kumrudisha mfalme Paris, walinyimwa uraia kamili. Olympe de Gouges aliyeandika mwaka 1791 azimio la haki za wanawake alikatwa kichwa mwaka 1793. Na katika koloni la Saint-Domingue watu weusi karibu nusu milioni waliendelea kuchapwa viboko katika mashamba ya miwa, huku mabwana zao wakiimba uhuru. Lakini fikra ya haki haina pasipoti. Watumwa wale walinyanyuka Agosti 1791. Bunge la Paris halikuufuta utumwa mpaka Februari 1794, baada ya watumwa kuwa wameshajikomboa kwa silaha. Na Napoleon alipotaka kuwarudisha minyororoni mwaka 1802, walilishinda jeshi lake na kuitangaza Haiti kuwa nchi huru Januari 1, 1804. Wale waliosema kwamba haki ni mawazo ya wazungu walijibiwa hapo: Mwafrika wa Haiti aliyachukua maneno hayo kwa uzito kuliko waliyoyaandika.

NA SISI JE?

Hapa kwetu nako mtawala hakuwahi kudharau fikra kama baadhi yetu tunavyozidharau. Mwaka 1982, mwaka ule ule Kifungu cha 2A kilipoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, wahadhiri wa chuo kikuu walitiwa kizuizini kwa sababu ya mawazo yao. Mmoja wao, Willy Mutunga, alikuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011 chini ya katiba mpya. Mwaka 1988 jarida la kanisa, Beyond, lilipigwa marufuku kwa kufichua wizi wa kura za mlolongo. Januari 1, 1990, Mchungaji Timothy Njoya aliuliza kutoka mimbarini kama yaliyowapata watawala wa Ulaya Mashariki hayatafika Afrika, na wakubwa wakamjia juu kama nyuki. Dola yenye polisi na magereza ilitetemeshwa na mahubiri! Ilijua tunalopaswa kulijua: swali likishaingia kanisani, halirudi tena kabatini. Desemba 1991 Kifungu cha 2A kilifutwa.

Leo Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2010 kinatamka kwamba mamlaka yote makuu ni ya wananchi wa Kenya. Hilo ni swali la Rousseau likiwa limejibiwa kwa kura ya wananchi wenyewe. Na mwaka 2024 tuliwaona vijana wakiuchambua Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakiutafsiri kwa lugha za mama zao ili kila mtu ajue kodi ipi itagusa mkate wake. Walikuwa wakifanya kazi ya yule padri na lile daftari. Wengi walilipia kwa damu Juni 25, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia muswada ule sahihi. Bei ya vitu ilikuwa imepanda mara nyingi kabla ya hapo, na watu walinung'unika wakalala. Safari hii manung'uniko yalipata hoja.

Kwa hiyo tunasema kwa mwanaharakati: usimdharau anayefikiri, kwani maandamano yasiyojua yanadai nini hutawanywa kwa gesi ya machozi au kwa gunia la unga. Kwa msomi tunasema: hoja yako isipoweza kueleza njiwa wa mkulima, bado haijaiva, ishushe chini mpaka mama mboga aitumie kumjibu askari wa kanjo. Kwa mchungaji, padri na mzee wa kanisa tunasema: mimbari zenu zilitumika zamani kuita watu waseme yanayowauma, na hakuna aliyesema kwamba Mungu alikasirika. Kila jumuiya ndogo ndogo na kila kikundi cha akina mama kikae, kisome Katiba kwa lugha inayoeleweka, kiandike daftari lake la malalamiko, na mbele ya kila lalamiko kiandike ni kifungu kipi kilichovunjwa na nani anapaswa kujibu.

Na kwetu sote tunasema: tusimwachie mtu yeyote, awe mwanafalsafa, awe jenerali, awe mkombozi wa jana, awe mfasiri pekee wa nia yetu. Anayedai kusema kwa niaba ya wananchi na aulizwe na wananchi, leo na kila siku: Kwa haki gani?